Daktari Ajibu: Mbizi, Mnazi na Bodaboda

SWALI: Mtaani kwetu vijana watatu wamepooza. Mmoja alipiga mbizi, wa pili ni mkwezi aliyeanguka mnazini, wa tatu ni wa bodaboda. Mbona wa mbizi mikono haishiki kitu, na mkwezi anakula mwenyewe? Na mbona wote ni wanaume? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Tazama palipovunjika. Wa mbizi hugonga mchanga kwa utosi, uzito wa mwili wote ukaishia shingoni. Shingo ina pingili 7 (vifupa vya uti wa mgongo), na inayoumia sana ni ya 5 au ya 6, karibu na mishipa ya fahamu ya mikono. Jeraha likipanda hadi ya 3, hata kupumua hushindikana. Maji ya bamvua, yaani ya kujaa na kupwa kukubwa, hapa kwetu hupwa zaidi ya mita 3, kwa hivyo palipokuwa na kina asubuhi, adhuhuri huenda pakawa magotini.

Mkwezi huangukia matako au miguu. Kishindo hupanda hadi kifua kinapokutana na kiuno, na pingili hupondeka hapo. Mikono husalimika, miguu, mkojo na choo ndivyo humponyoka. Ajali ya bodaboda haitabiriki, na mara nyingi jeraha la kichwa hulificha la mgongo.

Kuhusu wanaume: duniani huumia uti wa mgongo angalau mara mbili ya wanawake, hasa wenye miaka 20 hadi 29, kisha waliopita 70. Ni kazi na michezo yao, si mifupa. Wazee, kuteleza chooni tu kwatosha.

SWALI: Mtu akiumia mgongo, na tuktuk iko karibu, tumpakie? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Hapana, ila pakiwa na moto au hatari nyingine. Kumkunja kitini husogeza mfupa uliovunjika, na ugwe (kamba ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo) uliobanwa tu ukaweza kukatika. Pigeni 999. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kinyooke na mwili, na yeye ndiye atoe amri. Watatu wamgeuze kwa pamoja: begani, nyongani, miguuni. Wa tano atie ubao mgongoni. Viringisheni taulo pande zote za shingo, kisha mfungeni, kifua kwanza, kichwa mwisho. Helmeti iacheni, isipokuwa inamzuia kupumua. Aliye majini ageuzwe uso juu angali anaelea. Msimburute kwa makwapa.

Ubao ni wa safari tu. Hospitalini ulizeni utatolewa lini, kwa sababu ngozi isiyo na hisia ikilaliwa kwa zaidi ya saa 2 bila kugeuzwa huanza kufanya kidonda.