Mwanangu, kuhusu hiyo sare

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo, na baba yako kifua kimetulia tangu mvua zikate. Barua yako niliisoma dukani wateja wakinisubiri, nikairudia usiku. Unauliza kama inafaa uiambie kamati kwamba harusi yako haina sare, kila mgeni asilazimike kununua kitambaa kimoja na wenzake, na kama wakwe zako hawatasema umewadharau. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba saluni wamekuahidi kukung'arisha kabla ya siku yenyewe. Hilo la chini nitalifikia, usidhani limenipita.

Tuanze na sare. Inafaa, mwanangu, na mwenye uwezo wa kuikataa ni wewe peke yako. Mgeni akikataa ataitwa bahili au ataambiwa ana kinyongo. Mwanakamati akikataa anaharibu shughuli ya watu. Mwenye shughuli akisema hataki, watanuna siku mbili tatu, kisha watashukuru kimoyomoyo.

Nakwambia hivi mimi ambaye sare ndiyo iliyokulipia ada. Msimu wa harusi ukiingia, cherehani yangu hailali. Lakini nikiwa na futi shingoni nasikia mengi ambayo kamati haiyasikii. Mwanamke aliyejichagulia kitenge chake atanikalisha saa nzima ananionyesha mishono kwenye simu: mkono huu, shingo ile, hapana, rudi kwenye ule wa kwanza. Huyo huyo akija na kitambaa cha sare anakiweka mezani na kusema, "Fundi, nishonee tu." Mshono hauulizi, hata siku ya kuja kujaribu haji. Halafu kinafuata kilio. Kitchen party ina rangi yake, send-off ina yake, harusi nayo ina yake, na mchango wa kadi yuko nao palepale. Kitambaa lazima kitoke duka fulani Kariakoo, na wapo wanakamati wanaoweka chao juu ya bei bila kumwambia mtu. Mwenye ndugu wengi wa kuoa na kuolewa mwaka mmoja anaumaliza mwaka huo na kabati lililojaa nguo asizoweza kuzivaa sokoni wala msibani.

Kitambaa chenyewe ungekijua kama ninavyokijua mimi! Mara nyingi ni satini ya polista. Kwenye picha inang'aa vizuri, lakini ukumbini jasho la kwapa linaonekana toka mlangoni. Tone la maji kwenye pasi linaacha doa. Majora mawili yaliyoandikwa rangi moja hayalingani, kwa hiyo aliyenunua mapema na aliyenunua baadaye wakisimama pamoja mmoja anaonekana amefua nguo yake kwa jiki. Juzi mama mmoja kaniletea gauni la sare ya mwaka jana, anataka nimkatie mwanawe sketi ya shule ya Jumapili. Nikafumua pembeni. Matundu ya sindano yamebaki, mstari mzima, kama yametobolewa makusudi; satini haisahau sindano. Akasema basi tuichovye rangi nyeusi ifiche. Nikamweleza kwamba rangi za kuchovya tunazouziwa mtaani zinashika pamba, polista haizikubali. Akalikunja, akaondoka nalo. Nadhani sasa ni la kufutia meza.

Ila nisiseme uongo, sare ina utamu wake na si ya jana. Huku pwani kina mama wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, walishindana kwa kanga za namna moja zamani hizo, kundi hili likitoka na hizi, kundi lile linatafuta za kuwafunika. Ngoma ya beni nayo ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, na mavazi ya kuigiza askari wa Kizungu, na watu waliingia gharama kubwa kwa ajili ya fahari ya chama chao. Tofauti ninayoiona ni kwamba wale walikuwa chama. Walikutana, walizikana, walisaidiana, na kanga ilirudi nyumbani ikabebea mtoto. Sare ya siku hizi inawakusanya watu wasiojuana kwa saa sita, na inafanya kazi nyingine ambayo hakuna anayeitaja: inatenganisha. Asiyenayo anakaa nyuma, na wenye sare wakiitwa kucheza kuingiza zawadi yeye anabaki kushika pochi za wenzake. Mama yako mkubwa alishikishwa pochi hivyo kwenye harusi ya mtoto aliyemlea mwenyewe, kisa kitambaa. Hajawahi kulizungumza, na wewe usilizungumze. Ila ndilo lililo kichwani mwangu ninapokwambia kataa.

Umenitania kwamba serikali ingepiga tu marufuku tupumzike. Mwanangu, zimepigwa nyingi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana: minisketi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi, yote marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Tarehe yenyewe haikufika, Oktoba tu vijana wakaanza kuwavamia wasichana Kariakoo kwa sababu ya sketi. Waliopigwa walikuwa wasichana. Minisketi imerudi, wigi limerudi, yote yapo. Mwaka 2018 Spika Ndugai naye akawazuia wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni. Kope hizo hapa Ngamiani zinauzwa hadi kwenye meza za vocha. Binafsi kope hazinisumbui, zikibandikwa kwa gundi ya kope na zikabanduliwa jioni. Kucha ndefu ni balaa kwa mtu anayefunga zipu, basi. Suruali za mlegezo zilimuumiza kichwa baba yako miaka yote, leo vijana wamezichoka wenyewe.

Sasa uone: katika yote yaliyotajwa mwaka ule wa 1968, krimu za kung'arisha ndizo ambazo ningeombea zife kweli. Na ndizo unazoziandika chini ya barua kama habari ya mbuzi.

Mimi nampima mtu akiwa na shimizi. Uso na mikono anayoonyesha barabarani mimi ndiyo sehemu ninayoiona kwa uchache. Naona mapaja na chini ya makwapa yenye michirizi myekundu, minene kama kidole. Naona ngozi ya bega imekuwa nyembamba hata mishipa inasomeka, na nikimgusa na pini kwa bahati mbaya inachanika. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, ndiyo maana bibi harusi wa namna hiyo ananiomba mikono mirefu na glavu katika joto hili la Tanga. Wengine mashavu yamerudi na weusi wa kibuluu usiotoka tena kwa dawa yoyote. Hiyo ndiyo kazi ya hidrokwinoni, dawa ya kung'arisha inayowekwa kwenye krimu hizo, ikitumiwa muda mrefu. Zebaki, nayo huwekwa humo, inapita kwenye ngozi ikaenda kwenye figo, na kama una mimba inamfikia mtoto. Steroidi, dawa nyingine ya humo, ndizo zinazokondesha ngozi hivyo, hata kidonda kikawa kizito kupona. Saluni hawatakuambia kilichomo kwa sababu wamekichanganya wenyewe kwenye kopo lisilo na karatasi. Wakikwambia ni "kusawazisha rangi" tu, waombe chupa ya asili uisome. Wasipokuonyesha, simama utoke, hata kama umeshalipa. Nitakurudishia hiyo pesa.

Unataka kung'aa? Njoo wiki moja kabla. Shangazi yako atakutengenezea singo: maua ya waridi, asumini, mlangilangi, liwa, karafuu kidogo, na atakusugua mpaka umlaani. Hina tutakuchora. Piko sitaki, maana wengi wanachanganya rangi ya nywele humo, na nimeona mkono wa bibi harusi umeumuka malengelenge kwa kufuata ua alilochorwa.

Kuhusu wakwe, usiwaandikie kwenye grupu. Mpigie mama mkwe kwanza, kabla kamati haijakaa, kwa sababu wakishatoa pesa kwa mwenye duka umechelewa. Mwambie unaomba baraka zake, kwamba ungependa kila mtu aje na nguo yake nzuri aliyonayo, na kama wanataka umoja wa picha basi iwe rangi moja pana, yeyote aivae anavyoijua: gauni, kitenge, dera, hata kilemba tu. Akisisitiza lazima kuwe na kitu cha kufanana, mpe kanga. Doti moja kwa mtu, jina mchague nyie wawili, wewe na yeye. Kanga haihitaji fundi, mimi nitakosa kazi lakini mgeni ataijifunga hata kesho yake. Na asiyeweza kununua, weka doti chache pembeni ugawe kimyakimya. Jambo la kukaa nyuma uliseme wewe mwenyewe kwa mshereheshaji: zawadi zikiingia waitwe ndugu wote, asitaje nguo.

Gauni lako nimeanza kulikata. Nitumie kipimo cha kiuno upya, ukiwa umekula, si asubuhi na njaa kama mara ya mwisho. Na ile rangi ya bluu uliyoitaja nimeshamdokeza shangazi yako. Ameuliza kama zambarau yake ya Idi inahesabika. Nimemwambia ikipigwa taa itahesabika.

Mama yako