Mwalimu akiwa pia kiongozi wa chama

SWALI: Shikamoo Mama. Nasomea fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), mwaka wa 2. Viongozi wa chama chetu cha taaluma ndio hao hao wanaotufundisha darasani. Ni sawa kweli? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbona ndivyo fani ilivyoanza! Mary McMillan, rais wa kwanza wa chama cha wanafiziotherapia cha Marekani mwaka 1921, alitangulia kuwa mwalimu: mwaka 1918 alikuwa Reed College, Oregon, akiwanoa wanawake wa kuhudumia askari waliojeruhiwa vitani. Baadaye akaenda kufundisha China. Mimi kiongozi anayeshindwa kukunja goti la mgonjwa mbele ya wanafunzi, kura yangu haipati ng'o. Ila akisahihisha mitihani kwa kuangalia nani kalipa ada ya chama, lalamikeni, tena kwa maandishi.