Akina Gama na watu wa Gama

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikavuta kiti. Unasema hapo kazini kwenu Johannesburg yupo kijana wa Eswatini anayeitwa Gama. Alipoliona jina lako kwenye orodha alikuja hadi mezani pako, akakushika mkono, akakumwagia majina ya sifa ya ukoo mpaka ukaona haya kwa kukosa la kumjibu. Halafu unaniuliza: "Baba, jina letu lilitoka wapi, na lilifikaje Tanga?"

Mama yako nilipomsomea alicheka, akasema, "Muulize huyo kijana ana umri gani." Mimi sikucheka. Hilo nitalirudia.

Jina lilitoka huko huko uliko. Wewe umelirudisha kwa ndege, saa tatu na ushee. Lenyewe lilikuja kwa miguu, na safari yake ilichukua kama miaka arobaini. Shaka, mfalme wa Wazulu, alipowavunja Wandwandwe, karibu mwaka 1819, makundi kadhaa yalikimbilia kaskazini, na moja liliongozwa na Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Walipita kusini mwa Msumbiji, wakaivuruga nchi ya Warozwi ambayo leo ni Zimbabwe, wakavuka Zambezi tarehe 20 Novemba 1835. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwaulizeni mezani tunajuaje tarehe ile, na watu wale hawakuwa na kalenda ya ukutani? Jua lilipatwa siku ile. Wazee wakashika kwamba walivuka mchana uliogeuka usiku, na wataalamu wa nyota wakahesabu kurudi nyuma. Nimefundisha miaka thelathini na moja na sijapata somo lililowanyamazisha watoto kama hilo.

Wakapanda mpaka Ufipa. Huko Zwangendaba akafa, karibu mwaka 1848, na watu wake, ndio Wangoni, wakagawanyika kama familia yoyote mzee anapoondoka. Kundi moja, walimokuwamo Zulu Gama na Mbonani Tawete, likashika njia ya mashariki ya Ziwa Nyasa. Wakawakuta Wangoni wengine wametangulia, wale wa Maseko. Wakakaa nao kwa kuviziana, wakapigana, wale wa Maseko wakarudi ng'ambo ya Ruvuma. Ungoni ukabaki na falme mbili, Njelu ya akina Gama na Mshope ya akina Tawete. Hayo yote yamo vitabuni, hukuhitaji kuniandikia mimi.

Ambalo huwa halisemwi kwa sauti ni kwamba waliovuka Zambezi siku ile ya giza hawakuwa wengi. Njiani walikuwa wakiteka, wakioa, wakilea. Wakaranga, Wasenga, Watumbuka. Walipofika Songea, Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa. Mateka aliitwa sutu. Akikulia kwenye boma la mkubwa na kubeba ngao ya mkubwa, basi huitwa kwa jina la boma lile, na wanawe vilevile. Lugha nayo ikaenda kinyume, kwa sababu watoto huongea na mama zao. Kingoni cha Songea ukimsomea huyo mwenzako, ataambulia nkosi, yaani mfalme, na nduna, yaani mkubwa aliye chini yake, mengine atakodoa macho. Washindi walipoteza lugha, walioshindwa wakapata majina. Sasa miaka mia moja na sitini baadaye, nani akusimulie nani alikuwa nani?

Unajua ninavyosema siku zote: jina ni la anayeitika.

Babu yako aliitika Gama tangu nilipopata akili. Alikuja Tanga mwaka 1947, kwa lori la SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba, kukata mkonge. Wenyewe wakiitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake, na nyapara alikuwa akiita namba kabla ya jina. Walipewa kipande, kadi ya kazi: siku thelathini za kazi, uzimalize ndani ya siku arobaini na mbili, usipozimaliza hesabu inakuwa nyingine. Alikusudia kukaa mikataba miwili, anunue baiskeli, arudi. Akamwona bibi yako, Mbondei wa Muheza, anauza ndizi getini. Baiskeli alinunua. Kurudi hakurudi.

Nikazaliwa kambini, 1952, Mngoni asiyejua Ungoni. Na hapa lazima nikusimulie la shule, ingawa umelisikia. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu akafungua somo la Wareno: mwaka 1498, Vasco da Gama, Mombasa, Malindi. Alipotamka tu "da Gama" darasa zima likanigeukia. Kilichotokea ni kicheko ambacho mwalimu mwenyewe alishindwa kukizuia, maana naye alikuwa ameshika mdomo. Tangu siku ile nikawa Vasko. Vasko lete mpira, Vasko usilete mvua leo tuna mechi. Hata mwaka juzi sokoni Korogwe mzee mmoja kipara alipaza sauti toka upande wa nyanya, "Vasko!" na nikageuka kabla sijafikiri.

Sasa mama yako, ambaye hakosi la kusema, aliniuliza usiku: kama jina ni la anayeitika, na Vasko uliitika, wewe ni Mreno? Sikuwa na jibu, nikajifanya nimelala. Hata hivyo nadhani liko tofauti. Vasko nilitupiwa. Gama babu yako alilibeba. Au labda hakuna tofauti, ni kwamba la pili linaniuma na la kwanza linanichekesha.

Nikusimulie linaloniuma, kwa sababu hili sikuwahi kuwaambieni, wala wewe wala kaka zako.

Desemba 1977 babu yako alipata habari kwamba shangazi yake, aliyemlea, amefariki. Mazishi yalikwishapita, ila arobaini tungeiwahi. Nilikuwa nimeanza kazi, nina mshahara wa miezi michache, nikasema twende, mimi nalipa. Tukapanda treni ya Tazara, ambayo bado ilikuwa inanukia rangi, mpaka Makambako. Basi mpaka Njombe. Kutoka Njombe barabara ilikuwa ya udongo, na mvua ile, tukapata lori la mbolea. Lukumburu tulishuka wote kusukuma. Babu yako alikuwa amevaa koti jeusi alilolishona makusudi kwa fundi wa Kihindi, na hakulivua hata kwenye tope. Miaka thelathini hajaiona Songea. Kila kilima alikuwa akiniambia jina lake kabla hatujakifikia, na mara mbili tatu alikosea, utingo akamsahihisha, akakasirika na utingo.

Kijiji ni cha upande wa Peramiho. Walitupokea vizuri, sitasema uongo. Mdogo wake babu alilia, mimi nikalia kwa kuwa yeye alilia. Asubuhi yake akanionyesha kadi yake mpya ya CCM, chama kilikuwa hakijatimiza hata mwaka, naye alijivuna nayo sana. Nikalisoma jina. Lilikuwa la Komba. Baba mmoja, mama mmoja na babu yako. Nikadhani karani wa tawi amekosea, maana makarani ndio kazi yao. Sikuuliza.

Siku ya arobaini watu wamejaa, ulanzi, pombe ya mianzi, unazunguka, msimu wake ulikuwa umefika. Ukafika wakati wa watu wa ukoo kusema neno. Babu yako akasimama na koti lake. Akaanza, "Mimi Gama, niliyetoka Tanga..." Hakumaliza. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, wala hakupandisha sauti, alisema kama mtu anayesahihisha bei ya mahindi:

"Huyu si wa akina Gama. Huyu ni mtu wa Gama."

Mwanangu, wewe umekulia kwenye Kiswahili, huhitaji kufasiriwa. Herufi chache tu. Akina Gama ni wenye boma. Mtu wa Gama ni wa kwao, kama mbuzi alivyo wa kwao. Nilitazama kama watu wanacheka, nijue ni utani. Wangoni na Wahehe wanatukanana msibani mpaka mgeni anataka kukimbia, kwa hiyo ningeelewa. Hakuna aliyecheka. Mdogo wake babu alikuwa anatazama miguu yake.

Babu yako akaketi. Hakujibu, hakugombana, alipokea kata ya ulanzi iliyomfikia, akanywa, akampa aliyefuata.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na ngumi za kutosha, na sikusema kitu. Nimejitetea kwa miaka mingi: nilikuwa mgeni, nilikuwa mtoto mbele ya wazee, sikujua desturi. Yote kweli. Lakini nilikuwa na mdomo.

Tulirudi kimya mpaka stesheni ya Makambako, tunasubiri treni usiku, baridi ya pale unaijua. Ndipo akaongea, bila mimi kumuuliza. Akasema baba yake alikunywa maji ya Vita vya Maji Maji mwaka 1905 pamoja na kila mtu, na siku ya kunywa maji hakuna aliyeuliza nani ni wa akina nani. Mjerumani naye alipoleta kamba hakuuliza. Basi. Mpaka anafariki hakulirudia tena.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wakubwa wa Kingoni kwa makumi pale Songea, Nkosi Mputa Gama akiwamo, wakazikwa kaburi moja. Umeliona kaburi, nilikupeleka ukiwa kidato cha pili, ukalalamika jua ni kali. Hukujua kwa nini nilisimama muda mrefu kwenye yale majina. Na mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipofika Songea kuomba msamaha na kuonana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, nilikuwa mbele ya televisheni nafuta macho, mama yako akaniuliza, "Wewe unalia nini, kwani ni wa Mbano?"

Sasa nimesema nini? Umeuliza jina lilitoka wapi, nami nimekwambia lilivyokaribia kuchukuliwa. Najua hukuuliza hilo. Ila na mimi nahisi uliloandika silo hasa unalotaka kulijua. Mtu haandiki kurasa mbili na nusu juu ya kijana wa mezani jirani, anavyocheka, anavyopenda uji wa mtama, kwa sababu ya historia ya karne ya kumi na tisa. Kwao, bila shaka amekwisha kukwambia, watu wa jina moja hawaoani. Kwa hiyo kama sisi ni akina Gama, huyo ni kaka yako, na mambo yameishia hapo. Kama sisi ni watu wa Gama tu, njia ni nyeupe.

Unaona ulivyonibana. Nikimtetea babu yako nakufungia mlango wewe. Nikikufungulia, yule mzee wa kigoda anashinda, na amekwisha kufa, hata siwezi kumwambia kwamba ameshinda.

Yawezekana alisema kweli, na kweli yake ilikuwa na ubaya wa mahali na wakati tu. Hapana, ilikuwa na ubaya kote kote. Halafu najiuliza, Komba ni nini? Labda ndugu yake ndiye aliyebadili, yeye akabaki nalo. Nimeligeuza hili miaka arobaini na kitu, kila nikilala upande mmoja naamkia upande mwingine. Jina ni la anayeitika, na babu yako aliitika mpaka kitandani pa hospitali, nesi aliposoma faili.

Kuna kitu kimoja nacho, nikutajie, uamue wewe. Kipande chake cha mkonge ninacho, kimo kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyenu vya ubatizo. Namba inasomeka. Kabila, Mngoni. Penye jina kuna jina lake la kwanza peke yake, kwa wino mweusi wa karani uliofifia. Na pembeni, pamebanwa, neno Gama kwa kalamu ya bluu ya biki, ya juzi juzi ukiilinganisha. Karani wa 1947 hakuwa na kalamu ile. Na babu yako, kama ujuavyo, kuandika alijifunzia kwenye elimu ya watu wazima, akafanya mtihani ule wa 1975 na mimi nikimsubiri nje ya darasa. Daftari lake ninalo pia. G yake alikuwa akiimalizia na mkia unaopinda kushoto, mwalimu alimsahihisha ukurasa mzima na hakuiacha.

Ya kwenye kipande nimeitazama kwa miwani na bila miwani.

Nitakupigia picha zote mbili, kipande na daftari, kaka yako akija Jumamosi na simu yake yenye kamera nzuri. Usimwonyeshe huyo kijana kwanza. Na umri wake hukutuambia.

Baba yako