Kabla hujavaa bereti ya buluu

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda kulinda amani, haya nimeyaokota kusini mwa Lebanon, nilikokuwa na kombania yetu ya polisi wa kijeshi. Misheni ile imepangiwa kufungwa mwisho wa 2026, ila nanyi mtaitwa kwingine.

Someni mamlaka ya misheni, yaani kazi mliyotumwa na mipaka yake, mpaka muyajue kama namba zenu za jeshi. UNIFIL, kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Lebanon, iliundwa Machi 1978, siku chache baada ya Israel kuivamia Lebanon. Azimio namba 425 la Baraza la Usalama liliipa kazi ya kuthibitisha kwamba wavamizi wameondoka, kurejesha amani na kuisaidia serikali ya Lebanon kurudisha mamlaka yake kusini. Kikaitwa kikosi cha muda. Israel iliondoka 2000, miaka 22 baadaye, na katikati hapo, Juni 1982, ilivamia tena: majeshi yake yakavipita vituo vya Umoja wa Mataifa mpaka Beirut, na walinda amani wenye silaha nyepesi hawakuweza kuyazuia. Kwa hiyo usiende ukidhani bereti inasimamisha kifaru. Wenye ugomvi wakishakubaliana kunyamazisha bunduki, wewe unalinda makubaliano hayo yasivunjwe na jambo dogo.

Na jambo dogo huanza na mbuzi. Mstari wa Buluu, ule uliochorwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000 kati ya Lebanon na Israel, una urefu wa kilomita 120 hivi, na alama yake ni mapipa ya buluu yaliyowekwa juu ya nguzo, moja hapa, jingine kule, katikati ni mawe na vichaka. Mbuzi hajui pipa. Mchungaji akiwafuata hatua kumi tu, askari wa upande wa pili wameshainua bunduki. Niliwahi kuandika kwenye ripoti “mtu mwenye silaha” kwa sababu mwenzangu alisema hivyo. Kumbe ilikuwa fimbo. Ripoti kama hizo zilipelekwa Naqoura, makao makuu ya UNIFIL, kwenye meza waliyokaa maofisa wa majeshi ya Lebanon na Israel pamoja na kamanda wa UNIFIL. Ukidanganya hapo hata kwa bahati mbaya, nani atakuamini kesho? Andika ulichokiona kwa macho yako: saa, mahali, watu wangapi, wameshika nini.

Vijijini endesha polepole. Barabara ni nyembamba, watoto wako mlangoni, na gari letu jeupe likimgonga mmoja wao, kijiji kizima kinawafungia njia, na wana haki.

Salimia kwanza. Mzee wa kule ataanza yeye kukwambia “marhaba”, nawe uliyelelewa kwa shikamoo utashtuka, maana kwao hiyo ndiyo salamu yenyewe. Mjibu, pokea kahawa, kaa. Ukihesabu sita, saba, tisa, atacheka kwa furaha, maana namba hizo tumezitoa kwenye Kiarabu chake. Habari nilizopewa tukinywa kahawa ile hazikuwahi kutufikia kwa redio ya jeshi.

Mwisho, kagua handaki lenu siku ya kwanza. Aprili 1996, huko Qana, raia zaidi ya 100 waliuawa kwa mizinga ya Israel ndani ya kambi ya Wafiji wa UNIFIL, walikokuwa wamekimbilia. Siku ikiharibika, watu watakimbilia geti lako wakiwa wamebeba watoto. Ujue mapema handaki linachukua wangapi, maji yako wapi, na nani anashika ufunguo usiku.