Re: Pikipiki inaota kutu bandani

Habari mkuu. Umesema pikipiki imekaa miezi mitatu kwenye banda la mabati, imefunikwa turubai, na bado cheni na spoki zimeota kutu.

Anza na hilo turubai. Mimi nilifanya hivyohivyo Tanga wakati wa masika. Nilipolifunua, upande wa ndani ulikuwa na matone kama kifuniko cha sufuria ya wali. Nailoni inazuia vumbi, ila inafungia unyevu ndani. Tumia shuka kuukuu la pamba, chini paachwe wazi hewa ipite.

Sakafu ya udongo nayo hutoa unyevu usiku kucha, kwa hiyo weka mbao na usimamishe pikipiki kwa stendi kubwa. Ioshe kwanza, ikauke kabisa, ndipo upake cheni na spoki oili nyembamba. Oili isiguse breki! Jaza tangi hadi juu, maana tangi tupu la chuma hushika kutu kwa ndani, kisha funga koki ya petroli chini ya tangi na utoe petroli iliyobaki ndani ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Chomoa waya hasi wa betri.

Ekzosi niliiziba kwa tambara jekundu ili nisisahau kulitoa. Nikasahau.