Ukitafuta ukoo kwenye kijiji cha mtoni Uingereza, vuka ng'ambo

Wengi wetu tulioa au kuolewa huku Uingereza tuna watoto ambao nusu moja ya ukoo wao tunaihesabu mpaka babu wa babu, na nusu nyingine inaishia kwa bibi mmoja mwenye boksi la picha. Kwetu Tanga ukiuliza huyu mtoto wa nani, utajibiwa na kuongezewa na yale usiyoyauliza. Kwa mume wangu, mama mkwe alikuwa na jibu moja tu: watu wao walitoka Mapledurham, kule kwenye kinu. Nimefuatilia neno hilo kwa miaka kadhaa, na kwa kuwa ndugu wengi huniuliza naanzaje, naandika hapa.

Mapledurham ni parokia ndogo ya kaunti ya Oxfordshire, ukingo wa kaskazini wa mto Thames, juu kidogo ya mji wa Reading. Ina kanisa, jumba la wenye ardhi, nyumba chache za vibarua, na kinu cha maji ambacho bado kinasaga ngano. (Wageni wengi hawaji kwa sababu ya unga. Picha ya jalada la albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Black Sabbath, ya mwaka 1970, ilipigwa hapo.) Katika ule ukaguzi mkubwa wa ardhi wa mwaka 1086 tayari yametajwa mashamba mawili ya kikabaila, ambayo baadaye yaliitwa Mapledurham Gurney na Mapledurham Chazey. Ukoo wa Blount uliingia mwaka 1490, na wazao wao bado wako pale.

Ushauri wangu wa kwanza: usianze na majina. Tovuti za ukoo zitakupa akina John na Mary mia moja, nawe utachagua anayekupendeza. Anza na ramani. Ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la taifa la kuchora ramani, zinapatikana bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Tafuta kijiji chako, kisha tazama mto unapita wapi, daraja liko wapi, na kivuko kilikuwa wapi.

Mapledurham haina daraja hata leo. Ukisimama Purley, ng'ambo upande wa Berkshire, kijiji kiko mbele yako, lakini ukitaka kwenda kwa gari lazima uzunguke Caversham au Whitchurch. Hata malango ya maji ya kupandishia na kushushia mashua, yaliyojengwa mwaka 1777 na kupewa jina la Mapledurham, yamekaa upande wa Purley. Ukiiangalia barabara tu utadhani watu wa pande hizi mbili hawakujuana. Lakini zamani watu walikuwa na mashua, na farasi wa kuvuta matishari walivushwa kwa pantoni pale njia yao ilipohama ukingo. Kibarua wa shamba aliyepata kazi Purley alivuka, na msichana aliyepata mchumba huko alivuka pia. Karatasi zao nazo zikavuka, na hapo ndipo watafutaji wengi hukwama, kwa sababu wanapekua kaunti moja tu.

Mfano mzuri ni vyeti vya kuzaliwa. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, na wilaya za uandikishaji zilifuata mipaka ya miungano ya kuhudumia maskini, yaani parokia kadhaa zilizounganishwa kwa kazi hiyo, iliyotokana na sheria ya mwaka 1834. Mapledurham, ingawa iko Oxfordshire, iliwekwa chini ya Bradfield, iliyo Berkshire. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka kwenye kinu ataonekana kwenye faharasa kama mtoto wa Bradfield. Kuna Bradfield nyingine Yorkshire na nyingine Essex, na nimeona miti ya ukoo mtandaoni iliyohamishia familia nzima huko kaskazini kwa sababu ya jina hilo. Angalia namba ya juzuu: kuanzia mwaka 1852, Bradfield ya Berkshire iko kwenye juzuu 2c. Ikiwa namba ni nyingine, huyo si mtu wako.

Na waliofilisika walipelekwa huko huko. Nyumba ya maskini ilikuwa Bradfield, kwa hiyo mzee wa Oxfordshire angeweza kufia Berkshire bila kuwahi kuhama kwa hiari yake. Ukimkosa kwenye daftari la maziko la kijiji, usiseme alipotea.

Upande wa kanisa pia mto ulikuwa mpaka. Oxfordshire ilikuwa chini ya askofu wa Oxford tangu mwaka 1542, lakini Berkshire ilikuwa ya askofu wa Salisbury mpaka mwaka 1836. Nyaraka za parokia za upande wetu ziko Cowley, Oxford, ndani ya lililokuwa kanisa la Mtakatifu Luka. Za ng'ambo ziko Royal Berkshire Archives, mjini Reading. Panga kwenda kote kuwili. Chukua penseli, maana kalamu ya wino hawatakuruhusu kuingia nayo.

Madaftari yenyewe yaliamriwa mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry wa Nane, ingawa si kila parokia ina yale ya mwanzo kabisa. Usitegemee mengi kabla ya mwaka 1813. Kasisi mmoja anaandika jina la mama, mwingine hajali. Kuanzia mwaka huo fomu za ubatizo zilichapishwa, zikiwa na nafasi ya makazi na kazi ya baba, na hapo ndipo utaanza kumtofautisha John wa kinuni na John wa shambani. Ndoa kuanzia mwaka 1754 zina sahihi za maharusi, au alama ya msalaba kwa asiyejua kuandika. Msalaba huo una maana nyingine kwako: jina la ukoo liliandikwa jinsi kasisi alivyolisikia, kwa hiyo litafute kwa tahajia zote unazoweza kufikiria.

Kuna na mtego wa kalenda. Kabla ya mwaka 1752 mwaka mpya wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ukikuta ndoa ya Mei 1720 na ubatizo wa Februari 1720, usikimbilie kumsengenya bibi wa watu. Februari ile ilikuja baada ya Mei.

Halafu dini. Hili kwa Mapledurham ni kubwa. Akina Blount walibaki Wakatoliki baada ya Uingereza kuachana na Roma, na mpaka leo ndani ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Margaret kuna ubavu mmoja, ubavu wa Bardolf, ambao ni mali ya familia hiyo ya Kikatoliki, umetengwa kabisa na sehemu nyingine. Palipo na bwana shamba Mkatoliki mara nyingi pana watumishi na wapangaji Wakatoliki. Watoto wao huenda wasionekane kwenye daftari la ubatizo la parokia, lakini kati ya mwaka 1754 na 1837 ndoa yao haikuhesabika kisheria isipofungwa kwa kasisi wa Kianglikana. Basi ukikuta familia yenye ndoa na maziko lakini haina ubatizo hata mmoja, uliza habari za Wakatoliki kabla hujalaumu panya waliokula kurasa. Jumba lile lilipata kanisa lake dogo la ndani mwaka 1797, sheria zilipokwisha kulegezwa.

Nyaraka ninazozipenda kuliko zote ni za maskini. Chini ya sheria ya mwaka 1662, aliyeishiwa alirudishwa kwenye parokia yenye wajibu wa kumlisha, na ili kuijua parokia hiyo mahakimu walimhoji kwa kiapo: ulizaliwa wapi, ulimtumikia nani, ulikaa mwaka mzima au la. Mtu ambaye hakuwahi kuandika hata jina lake anaeleza maisha yake yote kwenye ukurasa mmoja. Matajiri waliacha makaburi ya mawe. Akina sisi waliacha mahojiano haya. Waulize wahudumu wa nyaraka karatasi za ukaazi na za kuhamishwa, kwa parokia yako na kwa zile za ng'ambo, maana ugomvi wa nani amlishe nani ulikuwa hasa baina ya majirani.

Sensa sitaieleza sana. Ya mwaka 1841 hupunguza umri wa watu wazima hadi kwenye mafungu ya miaka mitano. Kuanzia 1851 utapata parokia aliyozaliwa mtu. Ya 1931 iliungua moto. Jambo moja tu: vijana wakiyeyuka kijijini katika nusu ya pili ya karne ya 19, watafute Reading. Reli ilifika mwaka 1840, na kiwanda cha biskuti cha Huntley & Palmers kiliajiri maelfu. Wengine waliishi Caversham, ambayo ilikuwa Oxfordshire mpaka mwaka 1911 ilipomegwa na kuunganishwa na Reading. Familia hiyohiyo, mlango uleule, kaunti mbili tofauti kwenye karatasi.

Wifi yangu sasa ameanza kutafuta upande wa Purley, nami nimembebesha orodha ya tahajia.