Maswali na Majibu: Nyoka, Vyura na Kasa wa Kusini

Mvua za kwanza zikianguka Mtwara na Lindi, viumbe wengi waliokuwa wamejificha hutoka mashimoni, na barua zinazowauliza hutoka pamoja nao. Nimechagua tano.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mtwara Mjini, anauliza: Kwa nini chura na nyoka husomwa katika elimu moja, ilhali darasani tunafundishwa kwamba ni makundi mawili tofauti?

Mwalimu wako amekufundisha sawasawa. Elimu hiyo huitwa herpetolojia, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kiumbe kitambaacho, na chanzo cha kuwaunganisha ni cha kihistoria. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi aliwaweka reptilia, yaani jamii ya nyoka, na amfibia, yaani jamii ya chura, katika ngeli moja, na ingawa wanasayansi waliwatenganisha baadaye, mazoea ya kuwachunguza pamoja yalibaki. Chura ana ngozi tupu yenye unyevu ambayo pia humsaidia kuvuta hewa, na kwa kawaida mayai yake hayana ganda. Nyoka, mjusi, kobe na mamba wana magamba, na wale watagao hutaga mayai yenye ganda yanayoweza kukaa nchi kavu. Tena ndani ya hao reptilia wenyewe undugu haufuati sura, kwa kuwa mamba wa Mto Ruvuma ana nasaba ya karibu zaidi na kuku wa uani kwenu kuliko aliyo nayo na mjusi. Mimi naona sababu inayowaweka pamoja hadi leo ni ya kazi tu: anayetafuta vyura na anayetafuta nyoka wote hutembea usiku na tochi, wakifunua magogo yale yale.

Msomaji wa Lindi: Je, mjusi wa Tendaguru naye alikuwa mjusi kweli?

Hapana. Alikuwa dinosaria, na dinosaria wako karibu na ndege na mamba kuliko mijusi. Tena wachunguzi wake ni wataalamu wa visukuku. Mifupa yake, yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, ilichimbwa na Wajerumani kwenye kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikachukuliwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo kiunzi chake chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama Berlin.

Mkulima wa korosho, Newala: Nilipokuwa nikikusanya majani chini ya mikorosho niliona nyoka mfupi, mnene, mwenye madoa kama zulia, ambaye hakukimbia. Mzee wetu anasema mtu akiumwa na nyoka huyo afungwe kamba kwa nguvu, achanjwe na kuwekewa jiwe jeusi. Ni sahihi?

Kwa maelezo yako, huyo ni wa jamii ya vifutu, ama kifutu wa kawaida, ama ndugu yake mkubwa wa msituni ambaye kitaalamu huitwa kwa jina la Gabon na ambaye meno yake ya sumu, yanayoweza kufikia sentimita 5, ni marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani. Wilaya yako ina jina kubwa katika habari hii, kwa sababu C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa bwana nyama wa Liwale na aliyefariki mwaka 1968, aliwakamata hapo Newala nyoka hao pamoja na koboko wa kijani kwa wingi, akawasambazia watafiti. Kifutu hakimbii kwa sababu hutegemea rangi zake zifanane na majani makavu, na hilo ndilo linalomfanya akanyagwe.

Kuhusu kamba, kwa heshima zote kwa mzee, hapana. Sumu ya kifutu huharibu nyama, huvimbisha na huvuruga damu, hivyo kuifungia mahali pamoja na kuuzuia mguu usipate damu ni kuutayarisha mguu huo kukatwa. Sumu ya koboko ni ya namna nyingine: hushambulia mishipa ya fahamu hadi misuli ya kupumulia ilegee, na hiyo huweza kuua kwa saa chache. Kuchanja huongeza kutokwa damu, kunyonya hakutoi sumu ya maana, na jiwe jeusi halina kazi yoyote ila kupoteza muda, ambao ndio mali pekee aliyo nayo aliyeumwa. Mwondoeni mbali na nyoka, mvueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba, mlazeni, funganisheni kiungo kilichoumwa na kipande cha ubao kama mnavyofanya kwa mfupa uliovunjika, kisha mpelekeni hospitali bila kumruhusu atembee. Bodaboda inafaa, akikalishwa katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Msimfukuze nyoka ili kumwua. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali yatosha.

Antivenomu, ambayo hupatikana kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo na kuchukua kinga inayojengeka katika damu yake, sharti itolewe na mganga wa hospitali, kwa kuwa yenyewe inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na waathirika wakubwa ni wakulima kama wewe. Vaa mabuti ya mpira, na utumie reki kabla ya mkono.

Mama wa Rondo: Watoto walifukua kiumbe wa rangi ya waridi, kama nyungunyungu mwenye magamba, asiyejulikana kichwa ni kipi na mkia ni upi. Watu wanasema ni nyoka wa vichwa viwili na ni mkosi.

Mama, kichwa ni kimoja. Wako viumbe wanaoishi ardhini maisha yao yote, hawana miguu wala macho ya kuonekana, na mkia wao butu hufanana na kichwa. Mmoja wao amepewa jina la nyumbani kwenu: Chirindia rondoensis, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1941 na Arthur Loveridge wa jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard. Hana sumu, na hula wadudu wadogo wa udongoni. Watoto wamrudishe walipomtoa na kumfukia kidogo, maana jua humkausha upesi.

Msomaji wa Msimbati: Tumeona alama za kasa ufukweni na shimo lililofukiwa. Tuyahamishie mayai nyumbani ili yasiliwe? Na je, nyama ya kasa inaua?

Nianze na nyama. Inaweza kuua: Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Kupika hakuondoi sumu hiyo, haina dawa ya kuipinga, na mama aliyekula anaweza kumwambukiza mtoto kwa maziwa. Hata pasipokuwa na sumu, sheria ya nchi inakataza kumvua kasa.

Mayai msiyahamishe. Saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa hufa. Isitoshe, joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: likizidi nyuzi 29 hivi, wengi huwa majike, na likipungua, madume, kwa hiyo ndoo ya nyumbani haiwezi kuchukua nafasi ya ufuo. Kwa kuwa kijiji chenu kimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, waonyesheni watumishi wake mahali hapo. Mayai yataanguliwa baada ya miezi miwili hivi, usiku, na katika muda huo kazi yenu kubwa itakuwa kuwazuia mbwa na kuzima taa zinazoelekea baharini.